Picha ya Pili

Ukisikia mtu anasema mke wa fundi makochi anaishi raha mustarehe, mwulize kama amewahi kukaa kwenye kochi la fundi mwenyewe. Kochi la nyumba ile lilikuwa limetoboka upande wa kushoto, na waya wake ulikuwa umechomoza kama unatafuta njia ya kutoka. Wageni walikaribishwa kwa tahadhari: "Kaa huku, mwanangu, huko kuna mbwa." Mbwa hakuwepo. Kulikuwa na waya uliong'ata sketi za watu tangu mwaka juzi, na fundi aliyeapa kila wiki kwamba wiki ijayo ataushughulikia.

Basi siku kiti cha msusi wa saluni ya jirani kilipotoka kwenye karakana ya fundi kimevishwa ngozi nyekundu ya bandia, kina vifungo kifuani kama sare ya afisa wa jeshi, mke wa fundi alishikwa na homa isiyotibika hata hospitali aliyokuwa akifanyia kazi.

Mtaani alijulikana kama Mama Picha, na picha zenyewe hazikuwa za harusi. Alikuwa mpiga eksirei. Mifupa ya nusu ya mtaa ule ilikuwa imepita mbele ya macho yake, kwa hiyo watu walimwamkia kwa adabu, kama anavyoamkiwa mtu aliyekuona bila nguo. Aliweza kutazama kivuli cheupe na kusema mfupa umevunjika wapi. Jambo lililomshinda ni kujua mumewe alikuwa anacheka nini kule saluni.

"Baba watoto," alianza jioni ile, akisimama mlangoni pa karakana, "kiti cha jirani kimependeza."

"Mmh," alisema fundi. Mafundi makochi hushika misumari midogo kwa midomo wanapofanya kazi, na misumari hiyo ilimsaidia sana mwanamume yule katika ndoa yake.

"Amelipa?"

"Mmh."

"Toa misumari nikusikie."

Fundi akaitema kiganjani mmoja mmoja, bila haraka yoyote. "Atalipa kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo, kwa tabasamu?"

"Mama watoto, yule ni binti wa watu, anajitafutia. Anasimama kutwa nzima, mgongo unamuua. Kiti tu hicho."

"Na mimi je, ninalala kazini? Koti la risasi ninalovaa kuzuia mionzi lina uzito wa mbuzi. Mgongo wangu ameuulizia nani?"

Fundi akaona ni heri arudishe misumari mdomoni.

Tuseme ukweli, msusi alistahili kuonewa wivu. Alikuwa mrefu, ana sauti ya kukwaruza kidogo, na akicheka hurudisha kichwa nyuma, shingo yote ikaonekana. Mama Picha mwenyewe alikuwa mfupi, na shingo yake ilikuwa ya kubebea kichwa tu. Aliyapima hayo yote kila asubuhi alipopita mbele ya saluni akienda kazini. Msusi akimwamkia "Shikamoo, dada!" aliitikia "Marahaba" kwa namna ya mtu anayefunga dirisha.

*

Wiki haikuisha. Asubuhi moja kulikuwa na foleni ndefu kwenye korido ya eksirei. Mama Picha alitoka kuita mgonjwa anayefuata, na hapo kwenye benchi akamkuta msusi amejipinda kama ndoano, na pembeni yake mume wa mtu amemshika mkono. Mume wa mtu alikuwa wake.

"Umembeba?" aliuliza Mama Picha.

"Mgongo umemkaza ghafla tangu alfajiri," alisema fundi, akauachia ule mkono kama bati la moto. "Daktari ameandika apigwe picha. Nimemsindikiza tu."

"Naona. Umemsindikiza hadi vidoleni."

Sasa katika kazi ile kuna swali moja ambalo kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa huulizwa kabla hajapigwa picha ya tumbo, kiuno au mgongo. Mionzi na mtoto aliye tumboni havichezi pamoja. Swali huulizwa ndani, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini. Mama Picha alisifika kwa swali hilo. Hakumruka mtu. Aliwahi kumwuliza bibi kizee aliyekuja na mkongojo, akisema, "Nisamehe bibi, kazi ni kazi," na bibi akarudi kwake amefurahi wiki nzima.

Siku ile aliliuliza mlango wazi, yeye amesimama kizingitini na msusi bado yuko korido, kwa sauti ya kuitia watu walio mbali.

"Siku zako za mwisho umeziona lini?"

Benchi lote likageuka. Mzee mmoja aliyekuwa akiugulia mkono uliovunjika alisahau kuwa ana mkono.

"Dada," alisema msusi polepole, "tungeingia ndani..."

"Wenzio wanasubiri. Ni swali la kawaida. Una mimba, huna mimba?"

Msusi akamtazama fundi. Fundi akaitazama taa ya dari. Akina mama wawili wa mtaa wao, waliokuwa mwisho wa benchi, wakajongea kidogo ili wasipoteze neno.

"Sina," alisema msusi.

"Una uhakika?"

"Nimesema sina, dada."

"Ingia."

Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kinachemka, Mama Picha akasahau lile linalofuata, ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza halisahau. Hakuuliza kuhusu chuma: pini, zipu, sarafu, ufunguo. Alimpa gauni la hospitali, akamlaza mezani, akaupima juu ya mgongo mwanga wa mashine unaoonyesha sehemu itakayopigwa, akaenda kusimama nyuma ya kioo.

"Vuta pumzi. Toa. Usipumue."

Picha ikaja kwenye kompyuta. Ilikuwa nzuri, na jambo hilo nalo lilimkera. Pingili za mgongo zilikuwa zimepangana sawasawa kama vikombe vya kabatini. Hata huko ndani mwanamke yule alikuwa amejipanga! Mama Picha aliitazama mifupa ile akaionea wivu, mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu kwenda chini, mpaka akafika pembeni karibu na nyonga. Hapo kulikuwa na kitu cheupe sana, kilichokatwa na ukingo wa picha.

Yalikuwa meno ya ufunguo.

Kwenye ukanda wa sketi yake ya ndani, msusi alikuwa amebana ufunguo kwa pini. Ulikuwa mbali na mgongo na haukuziba chochote. Picha ilikuwa imekamilika. Daktari angeisoma vizuri kabisa. Lakini meno yale yalikuwa marefu na machache, kama ya ufunguo wa kufuli la stoo ya karakana. Na ufunguo wa stoo ya karakana ulikuwa na kichwa kilichomeguka upande mmoja. Aliyeumegua ni Mama Picha mwenyewe, siku aliyoutumia kufungulia kopo la rangi. Angekiona kichwa tu, angejua.

Kichwa chenyewe kilikuwa nje ya picha.

"Tayari, dada?" aliita msusi kutoka mezani.

Mama Picha akarudi chumbani, na kwa mkono wake akaupanua mwanga wa mashine, ukashuka, ukaenea kiuno kizima.

"Tulia hivyo hivyo," alisema. "Tunarudia."

Akarudi nyuma ya kioo, akabonyeza.

Kichwa cha ufunguo kilikuwa kimemeguka upande mmoja.

*

"Ufunguo wa stoo uko wapi?" aliuliza jioni, akipakua chakula.

Fundi alikuwa hana misumari mdomoni. Alitafuta kitu kingine cha kuweka, akapata tonge. "Wa stoo? Umepotea."

"Umepotea."

"Zamani. Siku nyingi. Ninatumia ule mwingine."

"Na mle stoo si ndimo kilimo kile kitanda anacholalia mdogo wako anapopita safarini?"

"Ndimo. Kitanda na magunia ya sponji."

"Sponji. Laini."

"Mama watoto, una nini leo?"

"Nina njaa," alisema Mama Picha, akasukuma sahani yake mbali bila kuigusa. Hakumwambia alichokiona. Alitaka kukikalia kwanza, kama kuku. Usiku kucha alikiatamia, na kufikia asubuhi kichwani mwake alikuwa amekwisha kuwaona wote wawili kwenye sponji, akamwona msusi akirudisha shingo nyuma, akamfukuza mume, akagawa vyombo, akabaki na masufuria.

*

Msusi alirudi hospitali siku ya pili yake, peke yake, anatembea kwa kushika ukuta. Hakupanga foleni. Aliingia chumba cha eksirei wakati hakuna mgonjwa, akaufunga mlango mwenyewe.

"Kama ni majibu, nenda kwa daktari," alisema Mama Picha bila kugeuka.

"Dada, nimekuja kwa lile swali. Nilikujibu vibaya."

Mama Picha akageuka.

"Nilikuwa nimepitisha siku. Sikuwa na uhakika, lakini nilikuwa na wasiwasi. Jana nilipotoka hapa nikanunua kipimo." Msusi alikuwa analia bila kelele, machozi yanashuka yenyewe. "Nina mimba. Ningesemaje pale, dada? Watu wote wale, na shemeji amekaa ubavuni kwangu."

"Shemeji yupi?"

"Fundi."

"Fundi ni shemeji yako kwa nani?"

"Kwa mdogo wake. Dereva." Msusi alimtazama kwa mshangao. "Hajakwambia mpaka leo? Anakuja mwisho wa mwezi kujitambulisha kwetu. Akiwa safarini huniachia ufunguo wa chumba chake kule stoo, nimfagilie. Shemeji alisema tukuache kwanza, atakwambia mwenyewe akikuona una roho nzuri."

Ndani ya Mama Picha kitu kilikaa chini. Kwanza ilikuja furaha, tusidanganyane. Mume alikuwa wake, mzima, na misumari yake. Furaha hiyo ilidumu kama mtu anavyopiga chafya. Halafu akaona ule mwanga ukienea kiuno kizima, na mkono ulioupanua.

"Ninaogopa," alisema msusi. "Lakini nilipofika nyumbani nikasema, afadhali amenipiga dada mwenyewe. Ulirudia mara ya pili ili itoke vizuri. Mwingine asingejali hivyo. Asante, dada."

Mama Picha aliufungua mlango. "Twende kwa mkuu," alisema.

*

Mkuu wa kitengo alikuwa mtu mkimya aliyevaa miwani mizito, na hakuwahi kumpandishia mtu sauti, jambo lililowatisha wafanyakazi kuliko kelele. Alimsikiliza msusi mpaka mwisho, akamwuliza maswali machache, akazifungua picha kwenye kompyuta.

"Kwanza, mama, tulia," alimwambia msusi. "Mionzi ya picha za mgongo kama hizi ni kidogo. Nitaipigia hesabu na nitakupeleka kwa daktari wa wajawazito leo hii. Uwezekano wa madhara ni mdogo sana. Siwezi kukwambia haupo kabisa, ila ni mdogo sana."

Msusi aliitikia kwa kichwa, mikono imeshika tumbo ambalo bado halikuwa na kitu cha kushikwa.

Mkuu akasogeza miwani. "Hapa kuna picha mbili."

"Ya kwanza haikutoka vizuri," alisema msusi, akimtetea dada yake.

"Imetoka vizuri." Mkuu aliitazama tena ya kwanza, akaitazama ya pili, akaigusa kwa kalamu pale kwenye kitu cheupe. "Ufunguo huu haukuziba chochote. Na hii ya pili imefunguliwa upana wa kupigia picha ng'ombe. Ulirudia kwa nini?"

Katika kazi ile kuna maneno mawili yanayosafisha madhambi yote: mgonjwa alitikisika. Hakuna anayeweza kuyapinga. Picha ikiharibika, mgonjwa alitikisika. Mashine ikipangwa vibaya, mgonjwa alitikisika. Mama Picha aliyajua maneno hayo, aliwahi kuyatumia, na sasa yalikuwa yamekaa juu ya ulimi wake, matamu, tayari. Mkuu angeandika, kazi ingebaki, malipo ya zamu za usiku yangebaki, jina mtaani lingebaki. Na huyu binti aliyekaa hapo angeamini. Kama mtoto angekuja kuwa na kasoro yoyote, angekaa siku zake zote akijilaumu kwamba ni yeye aliyetikisika.

"Alitulia," alisema Mama Picha. "Alitulia kama gogo. Nilirudia kwa sababu nilitaka kuuona ufunguo."

"Ufunguo?"

"Wa stoo ya mume wangu. Nilidhani anatembea naye."

Mkuu alivua miwani. Kwa mara ya kwanza Mama Picha akaona kuwa alikuwa na macho madogo yaliyochoka. "Mama," alisema, "umetumia mashine ya serikali kumpeleleza mume wako?"

"Ndiyo."

"Kupitia kiuno cha mgonjwa."

"Ndiyo. Na lile swali la mimba nilimwuliza mlango wazi, makusudi, watu wasikie. Angenijibu kweli kama ningemwuliza kama binadamu."

Msusi alishika ukingo wa meza, akainuka kwa maumivu, akatoka, na mlango haukupigwa kishindo. Laiti ungepigwa.

Mama Picha aliondolewa kwenye mashine siku ileile. Mpaka kamati ikae, alisema mkuu, atakuwa dirishani, akiwapa watu bahasha za picha walizopigwa na wenzake.

*

"Ulinipiga picha mimi," alisema fundi nyumbani, akizunguka chumba. "Kweli mwanamke! Wenzio wanapekua mifuko. Wenzio wananusa shati. Wewe umeniwashia mashine!"

"Na wewe ungesema tu. 'Huyu ni mchumba wa mdogo wangu.' Ungepungukiwa nini?"

"Ungenimeza! Si umekwisha kumwahidi yule muuguzi wako wa wodi ya watoto? Umemwambia shemeji yako ni wake, umemwonyesha picha yake, mpaka umemchagulia rangi ya mapazia. Mdogo wangu anakuogopa kuliko polisi wa barabarani."

Mama Picha alikaa kwenye kochi. Alikaa palepale upande wa kushoto, waya ukamng'ata, wala hakusogea.

"Umempa nani habari?" aliuliza baadaye.

"Mdogo wangu nimempigia simu. Amegeuza lori, yuko njiani." Fundi alikaa, lakini upande wa mbali. "Hakusema kitu kuhusu wewe. Nilingoja aseme. Akakata."

*

Ilibidi amfuate mwenyewe. Alimkuta msusi chumbani kwake, nyuma ya saluni, amelala chali, mto chini ya magoti. Hakuambiwa karibu, lakini mlango haukuwa na komeo.

"Nimekuja," alisema Mama Picha.

"Ninakuona."

"Daktari wa wajawazito amesemaje?"

"Kama mkuu wako. Mdogo sana, mdogo sana. Kila mtu anasema mdogo sana, halafu hakuna anayesema haupo." Msusi alikuwa anaongea na dari. "Jana nimelala kidogo."

"Mimi sijalala."

"Vizuri."

Huko nje mtu aligonga mlango wa saluni, akasubiri, akaenda zake.

"Siku zote nilikuwa nakuamkia," alisema msusi. "Nikasema huyu dada ana uchovu tu. Kumbe ulikuwa unanipima."

"Nilikuwa nakupima. Shingo, miguu, kicheko. Juzi nimekuonea wivu hadi pingili za mgongo."

"Mgongo wenyewe mbovu."

"Kwenye picha ni mzuri. Ni misuli tu iliyokaza, mifupa yako haina kitu. Hilo mkuu hakukwambia, amesahau, nimekuletea mimi."

Msusi alifumba macho. Akauliza bila kuyafumbua: "Niambie. Kama ningekuwa kweli wa mume wako, ungefanyaje?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Mama Picha aliyaangalia yote, akayaacha.

"Ningepiga ya tatu."

Kicheko kikamtoka msusi kabla hajakizuia, mgongo ukamkamata katikati yake, akashika godoro kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka kuwa kilio. Mama Picha alisogea kumshika. Msusi alinyoosha kiganja: hapohapo.

"Usinishike." Alingoja mpaka pumzi imrudie. "Sikiliza. Mtoto huyu atakuita mama mkubwa, sitamzuia. Lakini akiumwa chochote, hata mafua, hata jino likichelewa kuota, nitakutazama wewe kwanza. Hata kama hulaumiki. Hata mbele za watu. Utaliweza hilo?"

"Kwa muda gani?"

"Mimi nitajuaje?"

Mama Picha alitazama chumba. Akavuta kigoda kilichokuwa karibu na ukuta, akakileta upande wa kichwani, akakaa mahali ambapo msusi angeweza kumwona bila kugeuza shingo.

"Nitazame," alisema.